Windows, Linux au Mac? Maswali ninayoulizwa kila wiki kuhusu mfumo endeshi wa kompyuta yako

Ninatengeneza kompyuta Dar es Salaam. Mashine nyingi zinazopita mezani kwangu ni za mtumba: EliteBook, Latitude na ThinkPad zilizofanya kazi kwenye ofisi za Ulaya au Marekani, zikaja kwa kontena, zikauzwa Kariakoo. Wateja wangu hawaulizi mfumo endeshi upi unawafaa. Wanasema, "Fundi, nipigie Windows," basi. Ila tangu Windows 10 ifike mwisho Oktoba 2025 maswali yamekuwa mengi, na wapo walioambiwa wakatupe mashine zao wanunue mpya. Hilo linaniuma, kwa hiyo nimeandika hapa majibu ninayowapa watu ana kwa ana.

Mfumo endeshi ni nini hasa?

Ni programu inayoamka kabla ya nyingine zote ukiwasha mashine. Inagawa RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi), inasoma diski, inaongea na kibodi, skrini na printa. Word, Chrome na VLC ni wapangaji, mfumo endeshi ndio mwenye nyumba. Kwenye simu yako ni Android au iOS. Kwenye kompyuta ya mtu binafsi huwa ni Windows, macOS, Linux au ChromeOS.

Kwa nini karibu kila laptopu ninayoiona ina Windows?

Chanzo chake kipo mwaka 1981. IBM walitoa kompyuta yao ndogo Agosti mwaka huo na wakachukua mfumo endeshi kwa Microsoft, kampuni changa wakati ule. Microsoft wenyewe walikuwa wameununua kwa kampuni nyingine ya Seattle. Lakini katika makubaliano, Microsoft walibaki na haki ya kuwauzia watengenezaji wengine. Compaq na wenzao walipoanza kuunda kompyuta zinazofanana na za IBM, wote walihitaji mfumo uleule, na mwenye kuuza alikuwa mmoja. Windows ya kwanza ilikuja Novemba 1985 juu ya msingi huo, na Windows 95 ikaifikisha majumbani. Watunzi wa programu wakaandika kwa ajili ya mashine zilizo nyingi, wanunuzi wakanunua mashine zenye programu nyingi, na gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe.

Kwetu kuna sababu nyingine inayozidi hizo: fundi. Ulifundishwa Windows kwenye somo la kompyuta, steshenari ya mtaani ina Windows, ofisini ni Windows, na mashine ikigoma fundi wa karibu anaijua Windows. Mfumo ambao unaweza kumpata mtu wa kuutengeneza saa mbili usiku una thamani kubwa, na simlaumu anayeuchagua kwa sababu hiyo peke yake. Duniani kwa jumla, kwa hesabu za StatCounter, takribani kompyuta saba kati ya kumi zinatumia Windows. Linux ilivuka asilimia 4 kwa mara ya kwanza Februari 2024.

Windows 10 imeisha muda. Laptopu yangu itazima?

Haitazima. Itawaka kesho kama ilivyowaka jana, na Word yako itafunguka. Kilichokwisha tarehe 14 Oktoba 2025 ni masasisho ya bure ya usalama.

Microsoft hutoa viraka vya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi. Windows 10 na Windows 11 zimejengwa kwa sehemu kubwa kwa msimbo uleule. Kiraka kinapotolewa kwa Windows 11, wahalifu hukifungua, wanatazama kimeziba tundu gani, halafu wanakwenda kulitafuta kwenye Windows 10, ambako pengine lipo na hakuna wa kuliziba. Kwa hiyo hatari haianzi siku moja kwa kishindo. Inaongezeka mwezi hadi mwezi. Waliobaki na Windows XP baada ya Aprili 2014 na Windows 7 baada ya Januari 2020 walipita njia hiyohiyo.

Una njia nne. Ya kwanza ni kupanda Windows 11 kama mashine inakubali, na kupanda huko ni bure. Ya pili ni mpango wa nyongeza ambao Microsoft wameuweka kwa watumiaji wa nyumbani, unaoendeleza viraka hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji toleo la 22H2 la Windows 10 na akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi kitu, ukikataa unaweza kulipa dola 30. Kitufe cha kujiandikisha kiko ndani ya Settings, sehemu ya Windows Update. Ya tatu ni kuhamia Linux. Ya nne ni kununua mashine nyingine, na nimeiweka mwisho kwa makusudi.

Nitajuaje kama mashine yangu inaipokea Windows 11?

Tazama jina la prosesa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, utaliona. Kama ni Intel, soma tarakimu zinazofuata baada ya i3, i5 au i7. i5-6300U ni kizazi cha sita. i5-7300U ni cha saba. i5-8350U ni cha nane. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu. Cha saba zimeruhusiwa chache mno, hata usizihesabu. Kwa AMD, inataka Ryzen za kuanzia mfululizo wa 2000, na hata humo si zote. Juu ya hayo inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0.

Kwa mashine tunazoziona sana sokoni, mpaka unapita hapa: EliteBook 840 G3 na G4 haziingii, G5 inaingia. Latitude 7480 haiingii, 7490 inaingia. ThinkPad T470 haiingii, T480 inaingia. Lakini zipo G5, 7490 na T480 zilizotoka na prosesa za kizazi cha saba, na hizo haziingii. Kwa macho zinafanana sana, na muuzaji anaweza kukutajia bei zinazokaribiana, kwa hiyo kabla ya kutoa pesa iwashe uone namba ya prosesa mwenyewe. Usitegemee stika iliyobandikwa karibu na kibodi. Nimeshakuta stika za i7 kwenye mashine za i5.

Jambo jingine: wakati mwingine Windows inasema TPM haipo kumbe ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya Windows kuwaka. Kwenye prosesa za Intel hukaa kwa jina la PTT, kwenye AMD ni fTPM. Iwashe, kisha ujaribu tena.

Fundi kasema ataniwekea Windows 11 hivyohivyo, hata kama mashine haina sifa. Nikubali?

Inawezekana, na ni rahisi. Programu ya kuandalia flashi iitwayo Rufus ina kisanduku cha kuondoa ukaguzi wa TPM na RAM. Nimewahi kufanya kwa wateja waliosisitiza. Lakini Microsoft wamesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho, na matoleo makubwa ya kila mwaka hayaingii yenyewe. Kila mara utahitaji fundi arudie kazi ile na flashi. Toleo la 24H2 la Windows 11 tayari limezikataa kabisa prosesa za zamani sana ambazo hazina baadhi ya amri linazozihitaji, na kwa hizo hakuna ujanja.

Kwa mashine ya kizazi cha sita au cha saba yenye RAM ya GB 8 na SSD (diski ya kisasa yenye kasi), ambayo mwenyewe anahitaji programu za Windows tu, nakubali kuiweka baada ya kumweleza hayo. Kwa kizazi cha tatu au cha nne nakataa. Inakuwa nzito, inachemka, halafu lawama zinanirudia.

Windows ya kukraki ina ubaya gani? Si kila mtu anaitumia?

Kukraki ni kuvunja kufuli la leseni ili programu itumike bila kulipiwa. Hili ndilo swali ninalolijibu kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu gharama yake nimeiona.

Kwanza, huenda huihitaji kabisa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wakubwa huchoma ufunguo wa leseni ndani ya BIOS ya mashine. Laptopu nyingi za mtumba kutoka ofisini zilikuja na leseni halali ya Pro, na leseni hiyo bado imo humo hata kama diski imefutwa mara kumi. Ukiweka Windows toleo lilelile, yaani Pro kwa Pro au Home kwa Home, ukaunganisha intaneti, inajithibitisha yenyewe. Nasikitika kusema kuna wenzetu wengi wanaoikraki mashine yenye leseni yake kwa sababu tu ndivyo mkono wao ulivyozoea. Mteja anatoka na Windows bandia huku ile halali imelala ndani. Muulize fundi wako: "Umejaribu kuiweka bila kraki kwanza?"

Pili, programu za kukraki zinakuomba uzime ulinzi wa Windows kabla hazijafanya kazi. Yaani unamfungulia mlango mtu usiyemjua, tena unamfunga mbwa. Familia ya virusi vya kuteka mafaili iitwayo Djvu imesambaa miaka mingi kwa njia hii hasa, ikiwa imejificha ndani ya kraki za programu. Unafungua folda asubuhi, kila faili limeongezewa herufi nne mwishoni, na kuna barua ya kudai dola. Aliniletea mashine ya namna hiyo binti mmoja wa chuo, wiki mbili kabla ya kuwasilisha utafiti wake. Sura tatu zilipona kwa sababu alikuwa amemtumia msimamizi kwa barua pepe. Mbili za mwisho hazikupatikana tena. Nilikaa nazo siku nne.

Tatu, mashine ya kraki mara nyingi huzimwa masasisho ili isigundulike. Mei 12, 2017 virusi vya WannaCry vilipita katika nchi zaidi ya 150 na kusimamisha kazi kwenye hospitali nyingi za Uingereza. Kiraka cha tundu walilolitumia kilikuwa kimetolewa tangu Machi 14 mwaka huohuo. Zaidi ya wiki nane. Waliopigwa ni wale ambao hawakusasisha.

Na kama huna leseni wala huwezi kununua kwa sasa, jua kwamba Windows 10 na 11 huwaka na kufanya kazi bila kuthibitishwa. Utaona maandishi pembeni mwa skrini na hutaweza kubadili picha ya nyuma. Masharti ya Microsoft yanataka leseni, hilo halina mjadala, ila kama umefika kwenye kuchagua kati ya maandishi hayo na kraki, vumilia maandishi.

Kwa nini laptopu mpya nyingine ni rahisi kuliko nyingine zenye sifa zilezile?

Soma boksi. Kama limeandikwa FreeDOS, haina Windows ndani. FreeDOS ni mfumo mdogo wa bure ulioanzishwa mwaka 1994 na Jim Hall, na watengenezaji huuweka ili mashine isiuzwe tupu. Bei imeshuka kwa sababu leseni haijalipiwa. Kwa anayetaka Linux huo ni ununuzi mzuri. Kwa anayetaka Windows, ajue leseni bado inamsubiri.

Linux ni nini, na ni ya nani?

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi kama jambo la kujifurahisha. Alichoandika ni kiini tu. Vifaa vingi vya kukizunguka vilikuwa vimeshatengenezwa na mradi wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Vikaunganishwa, na kwa kuwa leseni yake inamruhusu kila mtu kuchukua, kubadili na kugawa, watu wakatengeneza matoleo mengi. Kwa hiyo si mali ya kampuni moja. Android ya simu yako imejengwa juu ya kiini hichohicho, na kompyuta kuu 500 zenye nguvu zaidi duniani zote zimekuwa zikitumia Linux tangu Novemba 2017. Wanaoniambia "Linux ni ya wataalamu" huwa naomba simu yao waishike mkononi.

Toleo linalojulikana zaidi, Ubuntu, lilitoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno ubuntu la Kizulu na Kixhosa ndilo utu letu. Shina ni moja. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wakituma CD kwa posta bure popote duniani kwa anayeomba. Kwa nchi ambazo kupakua faili la MB 700 lilikuwa jambo la usiku kucha, bahasha ile ilikuwa kitu kikubwa.

Wateja wangu kwa kawaida nawawekea Linux Mint, si Ubuntu yenyewe. Menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, madirisha yanafungwa pale walipozoea. Mtu anakaa anafanya kazi. Kwa mashine yenye RAM ya GB 4 au pungufu natumia Mint ya Xfce au Lubuntu, ambazo ni nyepesi. Kwa zile kongwe za biti 32 bado nina Debian 12, Linux ya aina nyingine. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haiwekeki tena kwenye mashine hizo.

Nikihamia Linux nitapoteza nini?

Utapoteza programu kadhaa, na ni lazima uzijue kabla hujafuta kitu. Photoshop, Premiere na Illustrator hazina toleo la Linux. AutoCAD na ArchiCAD hazina. Tally ya wahasibu haina. Studio za muziki zinazotegemea FL Studio au Cubase, zisiguse. Mtaalamu wa ramani anayetumia ArcGIS Pro hana pa kwenda, ingawa anayetumia QGIS atafurahi, inafanya kazi vilevile pande zote. Ipo njia ya kulazimisha baadhi ya programu za Windows kupitia programu iitwayo Wine, lakini simshauri mtu aweke kazi inayomlipa juu yake.

Kuhusu vifaa, printa za HP kwa kawaida hazisumbui kwa kuwa HP wenyewe hutoa draiva za Linux. Baadhi ya kadi za Wi-Fi za Broadcom, hasa kwenye MacBook za zamani, huhitaji draiva ya kuongeza, kwa hiyo uwe na waya wa mtandao au simu ya kugawa intaneti kwa USB siku ya kwanza. Kisomaji cha alama za vidole mara nyingi kinabaki pambo.

Usichopoteza ni hiki: Chrome, Firefox, VLC, Zoom, Telegram, barua pepe, WhatsApp ya kwenye brauza, na kila mfumo wa serikali au benki unaofunguka kwenye brauza. Kwa watu wengi siku nzima ya kompyuta ni hayo tu.

Mwaka huu mwalimu mmoja mstaafu aliniletea Latitude ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012 hivi. Alikuwa ameambiwa dukani kwamba hiyo ni chuma chakavu. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, niachie siku moja." Niliweka SSD ya GB 240, nikaongeza RAM hadi 8, nikapiga Mint. Huwaka kwa sekunde ishirini na kitu. Anaandikia kumbukumbu za ukoo wake na anaongea na wajukuu kwa video. Aliporudi hakuuliza kama ni Windows au siyo. Aliuliza jinsi ya kukuza herufi.

Faili langu la Word litafunguka? Na steshenari je?

LibreOffice hufungua na kuhifadhi docx, xlsx na pptx. Barua, CV na ripoti za kawaida hupita salama. Yanayochezacheza ni majedwali yenye miunganiko mingi, vichwa vya kurasa tofautitofauti na makro za Excel. Kinachoharibu mpangilio mara nyingi ni fonti: Calibri haimo ndani ya Linux, kwa hiyo hakikisha fonti ya Carlito imo, kwani herufi zake zimepimwa upana uleule wa Calibri na mistari haihami.

Ukienda steshenari, peleka PDF. Hata mwenye Windows namshauri hivyo. Aliyefunga CV yake kwenye Word ya 2021 na kuifungulia kwenye Word ya 2010 ya dukani anajua jinsi ukurasa mmoja unavyozaa wa pili wenye mstari mmoja.

Ni kweli Linux haipati virusi?

Si kweli moja kwa moja, vipo. Lakini vile virusi vya flashi vinavyotutesa mtaani, vinavyoficha mafolda na kuweka shotkati badala yake, vimeandikwa kwa Windows. Ukichomeka flashi hiyo kwenye Linux unaviona vimelala hapo kama mafaili ya kawaida, unavifuta, unachukua kazi yako. Mashine yangu ya kusafishia flashi za wateja ni ya Linux kwa sababu hiyo. Kwa aliye na Windows, kabla hajaformati flashi kwa hasira, mafolda yake kwa kawaida bado yamo: afungue dirisha la amri, aandike attrib -h -r -s /s /d pamoja na herufi ya flashi na njia yake, mfano E:\*.*, yataonekana tena. Kisha anakili kazi zake peke yake, asiguse shotkati.

Mac je? Natamani MacBook ya mtumba.

Ni mashine nzuri kwa wapiga picha, wahariri wa video na wanaotunga programu za iPhone, ambazo haziundwi kwa ukamilifu bila Mac. Tangu chipu ya M1 ya Novemba 2020, chaji inakaa siku nzima ya kazi, na kwa eneo ambalo umeme unakatika hilo si jambo dogo.

Tahadhari ni kwenye mtumba. MacBook Air ya 2017 inaishia macOS Monterey, ambayo haipati tena viraka. Apple wametangaza kwamba macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Kwenye nyingi za miaka ya karibuni RAM na diski zimeunganishwa kwenye ubao, kwa hiyo ya GB 8 itabaki ya GB 8. Na kabla ya kulipa, hakikisha aliyekuuzia ameitoa kwenye iCloud yake mbele ya macho yako. Mac za kuanzia 2018 nyingi zina kufuli ambalo kufuta diski hakulivunji. Nimeletewa kadhaa zimefungwa, na jibu langu lilikuwa moja: mrudie aliyekuuzia.

Chromebook?

Hizi ni laptopu zinazotumia ChromeOS. Kwa mtoto wa shule mwenye intaneti ya uhakika, sawa. Kwingine nasita. Kila Chromebook ina tarehe yake ya mwisho ya masasisho, itafute kwa jina la modeli kabla ya kununua. Zinazotoka shule za Marekani nyingine bado zimefungwa kwenye akaunti ya shule, ukiwasha inaandika kwamba inasimamiwa na wengine. Hiyo iache.

Mfumo upi haumalizi bando?

Windows ikiachwa bila mwongozo inaweza kushusha masasisho ya gigabaiti kadhaa kwa siku moja, na mwenye bando la wiki anajikuta hana kitu Jumatatu mchana. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi au hotspoti yako, washa Metered connection. Hapo itashusha ya lazima tu na mengine itakuuliza. Kisha zima Delivery Optimization, isije ikagawia kompyuta nyingine masasisho kwa bando lako. Mint yenyewe hukuonyesha orodha na ukubwa wa kila kitu, ukabonyeza unapotaka. Usiache kabisa kusasisha. Tafuta sehemu yenye Wi-Fi mara moja kwa mwezi.

Na magemu?

Mengi ya Steam, duka la magemu la mtandaoni, sasa yanachezeka Linux kupitia Proton, kazi iliyoanzishwa na Valve, wenye duka hilo, mwaka 2018. Lakini Valorant na Fortnite hazichezeki, mfumo wao wa kuzuia udanganyifu unakataa. Kama magemu ndiyo kazi ya mashine, baki Windows.

Naweza kupata mfumo wote kwa Kiswahili?

Kwa sehemu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa mstari wa mbele: mwaka 2004 kikatoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Microsoft nao walitoa vifurushi vya Kiswahili kwa Windows, zikiwemo 7 na 10. LibreOffice ya leo ina Kiswahili cha Tanzania. Tafsiri nyingi hazijakamilika, utakutana na menyu nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Wateja wangu wengi hurudi Kiingereza kwa sababu wamejifunza "Save" kabla ya "Hifadhi". Nawaelewa, ila natamani kazi ile iendelee, maana nimemwona mama wa duka akishika kompyuta kwa mara ya kwanza na kuelewa menyu bila kuelezwa na mtu, kwa sababu tu ilikuwa inaongea lugha yake.

Nataka kujaribu Linux bila kufuta Windows yangu. Nianzie wapi?

Tafuta flashi ya GB 8. Pakua Mint kutoka kwenye tovuti yao, ni kama GB 3, iandike kwenye flashi kwa Rufus au Etcher. Zima mashine, chomeka, washa huku ukibonyeza F9 kwa HP, au F12 kwa Dell na ThinkPad, chagua flashi. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, printa, mwanga wa skrini. Kaa nayo jioni nzima. Usipoipenda, zima, chomoa flashi, Windows yako iko pale ulipoiacha.

Ukiipenda na unataka zote mbili kwenye diski moja, fanya kwa mpangilio huu. Nakili kwanza kazi zako zote kwenye diski ya nje. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, chukua ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski) wenye tarakimu 48, uandike kwenye karatasi, kwa sababu laptopu nyingi mpya zimefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, na ukibadili kitu kwenye BIOS itauliza ufunguo huo kabla ya kukupa chochote. Zima Fast Startup, ile njia ya Windows ya kuwaka haraka. Punguza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, acha GB 40 au zaidi wazi, ndipo uanze kuweka Mint kwenye nafasi hiyo. Ifanye siku ambayo betri imejaa na chaja imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kupunguza sehemu ya diski, utakuja kwangu na diski isiyosomeka.